Forester ya tabo kusukuma dipstiki: usizibe PCV na kuacha hozi zikining'inia

Forester yako ya tabo inasukuma dipstiki (kijiti cha kupimia oili) nje na kutoa moshi wa bluu, nawe unafikiria kuziba PCV, yaani vali inayotoa gesi ndani ya injini. Ukiiziba na kuacha hozi wazi chini ya gari, mvuto unaosafisha tumbo la injini unapotea, na maji na vumbi vinapata njia. Kwenye EJ20, injini ya Forester hiyo, mzigo ukiwa mdogo gesi hunyonywa kwenye manifoldi kupitia PCV. Tabo ikianza kusukuma, vali hiyo lazima ifunge na gesi zipite mpira wa kuingizia hewa, kabla ya tabo.

Kwa hiyo chomoa vali uipulizie. Kutoka upande wa injini ipitishe, kutoka upande wa manifoldi isipitishe hata kidogo. Ikivuja, busti (hewa inayosukumwa na tabo) inaingia kwenye bloku. Oili ya tabo hurudi kwa uzito wake tu. Presha ikijaa chini hairudi, inapenya kwenye sili, ndiyo huo moshi wa bluu unaouona.

Ukitaka kopo la kunasa oili, leta hozi ya bloku na za hed zote mbili kwenye kopo, kisha toleo lirudi kwenye mpira wa kabla ya tabo. Tumia hozi ya oili ya milimita 19 hivi. Ile ya plastiki angavu hulainika kwa joto na kujikunja. Kopo liwe na vizuizi ndani, la sivyo ni pambo.

Dipstiki ikiendelea kuchomoka na vali ni nzima, pima uvujaji wa silinda. Ringi za pistoni zikiisha, hakuna kopo litakaloziokoa.