Maswali ya Wasomaji: Sinema ya Kungfu Ihakikiwe Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana mkazi wa Jinja, na katika kikundi chetu cha Kiswahili nimepewa kazi ya kuhakiki sinema za Kichina. Wenzangu wanalalamika kwamba kwangu kila filamu ama ina "mapigano makali" ama haina, wala hawaoni tofauti ya moja na nyingine. Nizitazame vipi ili nizipime kwa haki? Tena, nyingi nimezionea kwenye kibanda cha video, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiganda na VJ, yaani msimulizi anayeitafsiri filamu kwa sauti yake huku ikionyeshwa. Je, mhakiki anaweza kuitegemea tafsiri hiyo?

JIBU: Ndugu yetu wa Jinja, swali lako linastahili jibu refu, kwa sababu sinema hizi zinapendwa mno nchini mwetu ilhali ni nadra kuandikwa kwa uzito unaozifaa. Mbele ya pigano lolote, jiulize kwanza limebadilisha nini katika hadithi. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972, Bruce Lee anaingia peke yake katika ukumbi wa mazoezi wa Wajapani mjini Shanghai, akirudisha bango walilowaletea wenzake kuwatukana Wachina kuwa ni wagonjwa wa Asia Mashariki. Kila teke analopiga mle ndani ni jibu la tusi lile, na mhakiki asiyelitaja tusi atakuwa amewahesabia wasomaji mateke tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ip Man ya 2008, iliyoongozwa na Wilson Yip. Mwanzoni Donnie Yen anawashinda wapinzani wanaomjia nyumbani kwa upole na adabu, bila kumjeruhi mtu. Baadaye, mji wa Foshan ukiwa chini ya jeshi la Japani, na baada ya bwana mwenzake wa kungfu kuuawa kwa risasi, anadai apambane na watu kumi kwa mara moja, na hao anawavunja viungo. Mtindo ni uleule wa Wing Chun, lakini mtu si yule wa mwanzo, na Sammo Hung, aliyeyapanga mapigano hayo, ameieleza hasira na huzuni yake kwa mikono bila kuhitaji maneno. Ukiandika kwamba pigano la pili ni kali kuliko la kwanza utakuwa umesema kweli, lakini hujamweleza msomaji kwa nini linaumiza moyo.

Baada ya hapo itazame kamera. Sammo Hung na Jackie Chan walilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, walikofundishwa sarakasi, uimbaji na matumizi ya silaha, na ndiyo maana mwongozaji aliweza kuiweka kamera mbali, mwili mzima uonekane kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akawaacha wapigane kwa muda bila kukata picha. Katika Police Story ya 1985, Jackie Chan anarukia nguzo ndani ya duka kubwa na kuteleza nayo hadi chini katikati ya taa zinazolipuka, na tukio hilo linarudiwa kutoka pembe tofauti ili mtazamaji asiwe na shaka kwamba ni yeye. Picha zinapokatwa kila baada ya pigo moja na kamera ikaganda usoni, mara nyingi kinachofichwa ni mwigizaji asiyejua kupigana. Hilo liandike bila woga, hata kama steringi ni kipenzi cha kibanda kizima.

Usiwe mwepesi, hata hivyo, wa kuita udhaifu kila kinachokuchosha. Wapo wanaolalamika kwamba The 36th Chamber of Shaolin ya 1978 imejaa mazoezi, na kumbe mazoezi hayo ndiyo filamu yenyewe, kwani mwongozaji wake, Lau Kar-leung, alijua kungfu kwa vitendo na alitaka tuone jinsi maarifa yanavyopatikana kwa jasho. Wala usimlaumu mwigizaji kwa midomo isiyolingana na sauti: kwa miaka mingi filamu za Hong Kong zilipigwa bila kurekodi sauti, na maneno yakatiwa baadaye studioni.

Kuhusu VJ, msimamo wangu ni kwamba kazi yake ni sanaa kamili, na inastahili kuhakikiwa peke yake. Anafafanua, anatania, anazungumza na watazamaji, na pengine anawapa wahusika majina ya kwetu. Lakini anaposema, sauti ya asili hufifia, na pamoja nayo muziki na ule ukimya wa kabla ya pigo, ambao mwongozaji aliupanga kwa makusudi. Kwa hiyo itafute filamu hiyo yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha, uitazame tena, na katika tahakiki yako utaje ni toleo lipi unalolizungumzia.

SWALI: Mimi ni mwalimu huku Mbale. Wanafunzi wangu hucheka wanapoona wapiganaji wakitembea juu ya miti. Je, huo si uongo unaoiharibu filamu?

JIBU: Mwalimu, hapana. Sinema hizo zinatokana na hadithi za wuxia, za mashujaa wa upanga, ambamo aliyebobea huweza kuufanya mwili wake mwepesi, na Wachina walizisimulia kabla ya kuwapo sinema. Katika Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Ang Lee, waigizaji waliinuliwa kwa nyaya ambazo zilifutwa baadaye kwa kompyuta. La kutazama ni jinsi mianzi inavyopinda chini ya miguu yao, na utulivu wa mmoja dhidi ya papara ya mwenzake. Waanzishe wanafunzi na Come Drink with Me ya 1966, ambamo Cheng Pei-pei, aliyekuwa amesomea kucheza dansi, anakaa mezani kwa utulivu huku majambazi wakimjaribu, halafu waonyeshe filamu ya Ang Lee na uwaulize kama wamemtambua katika adui mkuu.