Kujipinda na Mzigo Mikononi: Hatari Yake Hupimwaje?

SWALI: Ninasimamia vijana wa kupakia katika ghala la unga hapa Nakuru. Kila robota lina pakiti 12 za kilo 2. Wanaliokota ubavuni kushoto, chini kabisa, na kuliweka kwenye mkokoteni ulio mbele yao bila kusogeza miguu. Ikifika jioni viuno vinawauma. Nitajuaje kujipinda huko kuna hatari kiasi gani?
Msimamizi, Nakuru

JIBU: Chukua tepu na chaki. Kijana asimame wima, nyonga na mabega yakitazama mbele. Chora mstari sakafuni kutoka katikati ya vifundo vya miguu kwenda mbele. Kisha ashike robota. Chora mstari mwingine kutoka palepale hadi chini ya katikati ya viganja. Pima pembe kati ya mistari hiyo. Wengi hupima jinsi mabega yalivyozunguka, na hapo ndipo wanapokosea.

Kanuni ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, iliyorekebishwa 1991, huanza na kilo 23 mambo yote yakiwa mazuri. Zidisha digrii za pembe kwa 0.0032, utoe jibu katika 1. Digrii 45 hubakisha 0.86, digrii 90, kama za vijana wako, 0.71. Kwa hiyo kilo 23 zimeshuka hadi 16. Viganja vikiwa sentimita 40 kutoka katikati ya vifundo, zikipimwa sakafuni, zidisha kwa 25/40: zinabaki 10. Vikiwa sentimita 15 juu ya sakafu, zidisha kwa 0.82: kilo 8 na kidogo. Robota ni kilo 24! Na hapo hatujahesabu kasi ya kazi wala kukosa mshikio.

Nyuzi za ukuta wa diski ya uti wa mgongo zimelazwa kwa tabaka zinazopishana mshazari. Mtu akijipinda, nusu tu ya tabaka hizo ndizo zinazovutwa. Akiwa pia ameinama na mzigo, zinalemewa.

Kuwakataza kwa maneno hakutoshi. Mkokoteni ukiwa karibu, mtu atajipinda tu, maana kuhamisha miguu kunamchelewesha. Usogeze hatua mbili kutoka kwenye rundo, asiweze kuufikia bila kutembea. Rundo nalo liinue kwa paleti tupu zisizoyumba, viganja vifike kama sentimita 75, na robota likae karibu na tumbo. Hata hivyo 24 bado imepita 23, kwa hiyo wapokezane kwa zamu fupi.

Akitokea mwenye ganzi kwenye mapaja ya ndani au anayeshindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.