Chmod 777 na Apache bado inagoma

Ndugu, umesema Apache (programu inayotoa kurasa za wavuti) bado inakataa kurasa zako hata baada ya chmod 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote. Hiyo 777 haikusaidii; rudisha ruhusa za kawaida, 644 kwa faili na 755 kwa folda. Umesema pia ulihamisha kurasa kwa mv (amri ya kuhamisha) kutoka /home kwenda /var/www/html, na SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux unaoamua kwa lebo ya kila faili nani aliguse) imewashwa. Basi shida ni lebo, ambayo hukaa kwenye sifa ya ziada ya faili iitwayo security.selinux. Faili likihamishwa kwa mv huondoka na lebo yake ya zamani. cp (amri ya kunakili) ya kawaida huacha faili jipya lipate lebo ya folda linakofikia. Piga ls -Z uone lebo. Ukiona user_home_t (lebo ya faili za /home) badala ya httpd_sys_content_t (lebo ya kurasa za Apache), mchawi ndiye huyo. Hakikisha kwa ausearch -m avc -ts recent, inayoonyesha SELinux imekataa nini karibuni, kisha rudisha lebo sahihi kwa restorecon -Rv /var/www/html. Watakaokwambia uzime SELinux kabisa, wapuuze. setenforce 0, inayoifanya SELinux iache kuzuia kwa muda, ni ya kupimia dakika mbili tu, halafu unarudisha 1.