Jibu: Baiskeli haijamharibu mdogo wako nyonga

Dada, umeuliza kama nyonga ya mdogo wako mwenye selimundu imeharibiwa na baiskeli. Niko Tanga, mji wa baiskeli, na mwanangu ana SS, yaani selimundu aliyorithi kwa baba na mama. Usiilaumu baiskeli. Chembe nyekundu za damu zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja; mfupa unakosa damu, unakufa taratibu, mwishowe unabonyea.

Wanaoshikwa na maumivu mara kwa mara wako hatarini zaidi, na umri ukisogea hatari inapanda. Lakini cha ajabu, damu kuwa nyingi si kinga hapa. Mwenye SS aliyerithi pia alfa-thalasemia, kasoro nyingine ya damu ambayo huku pwani si ngeni, hapungukiwi sana damu, ila inakuwa nzito, na nyonga ndiyo inayolipa. Utafiti wa Marekani wa 1991 ulionyesha hivyo. Kati ya wagonjwa 2,590, karibu 10% walikutwa tayari wana tatizo hili la nyonga. Steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, nazo huongeza hatari hiyo; asijinunulie dukani.

Kwetu ilianzia mkekani. Kijana alishindwa kukunja miguu tule, akalalamika kinena, halafu goti. Tukalichua goti mwezi mzima, wallahi! Eksirei ya kwanza ikatoka safi, maana mwanzoni mara nyingi haioni kitu. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndiyo iliyoona. Kwa hiyo mtajie daktari nyonga, asiishie gotini. Na kama mdogo wako anachechemea, ndoo za maji abebe mwingine mpaka apimwe.