Kabla Hujaanza Kujikondesha Chuoni, Jiulize ni kwa Ajili ya Nani

Wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa pili aliniandikia: "Dada, mwezi ujao kuna harusi ya kaka yangu. Nikiacha wali na kunywa chai ya sena kila usiku, nitapungua?" Sena ni majani yanayomfanya mtu aharishe. Kuhusu afya hakuuliza lolote. Sababu aliyonipa ni kwamba shangazi zake watakuwepo, naye hataki kuitwa bonge tena.

Sababu hiyo naijua. Nikisoma Dar es Salaam, mtu niliyempenda alisema mbele ya wenzake kwamba nimejiachia kama mama wa watoto watatu. Wakacheka. Mpaka leo neno lile linanichoma. Tangu hapo nikawa naishi kwa chai ya rangi asubuhi na tango jioni. Boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, wenzangu wakienda kula chipsi mayai, mimi nasingizia tumbo. Na nilipungua kweli. Kila niliyekutana naye hosteli alinisifia: "Umependeza! Tupe siri."

Siri yenyewe ni kwamba usiku nilikuwa naota pilau. Nilikuwa najifungia, nafagia kiporo chote cha chumba, kisha naenda chooni kujitapisha. Hedhi ikakata, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na darasani sishiki kitu.

Baadaye nilisoma kuhusu jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 wenye afya njema walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Wakawa hawawazi kingine ila kula, wengine wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, na waliporuhusiwa kula, baadhi walishindwa kujizuia. Nililia niliposoma, maana miaka yote nilijiona mlafi. Kumbe mwili ulionyimwa chakula ndivyo unavyodai haki yake!

Aliyeniokoa ni mama. Niliporudi likizo Tanga hakunisifia hata kidogo. Alinishika mkono tukaenda hospitali. Vipimo vilionyesha potasiamu imeshuka. Daktari akatueleza kwamba moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio, na kwamba kutapika na kunywa dawa za kumfanya mtu aharishe huipoteza. Hiyo sena nayo inatoa maji na kinyesi; mafuta yanabaki palepale.

Kupona kulichukua muda mrefu, sitakuchosha. Leo nakula sahani yangu ya wali na samaki mchana kweupe, na hilo najivunia kuliko cheti changu.

Kwa hiyo wadogo zangu, kuleni. Msiruke chai ya asubuhi, maana njaa ya mchana kutwa ndiyo inayozaa ulafi wa usiku. Kama unataka kupungua kwa sababu ya sukari au presha, mwone daktari au mtaalamu wa lishe, upungue taratibu. Kama ni kwa sababu ya mdomo wa mtu, usianze! Na ukishaanza kujitapisha, usisubiri ukonde ndipo utafute msaada. Tatizo hili humpata hata mwenye uzito wa kawaida kabisa.

Nanyi mnaolala naye chumba kimoja, mkiona anakwepa kula na wengine au anakimbilia chooni kila baada ya mlo, acheni kumsifia kiuno. Ketini naye faraghani, msimkaripie, kisha mmoja wenu amsindikize zahanati ya chuo na amsubiri mpaka atoke.