Presha 152/94: kilomita 8 za Jumamosi hazitoshi, dakika 30 mara tano kwa wiki zinatosha

Mkuu mleta uzi, pole na magoti. Umesema una miaka 46, kilo 92, presha 152/94, umeanzishiwa dawa ya presha, amlodipini, mwezi uliopita, na umeambiwa ufanye mazoezi bila kuelezwa yapi. Ukajiunga na kundi la jogging, kila Jumamosi kilomita 8 ndani ya jaketi la nailoni, na wiki ya tatu magoti yamegoma. Unauliza kama mazoezi yanashusha presha kweli, na kama ukiyashika unaweza kuacha dawa.

Yanashusha. Mtu mwenye presha akifanya aerobiki kwa mpango (kutembea kwa kasi, baiskeli, kuogelea, jogging), namba ya juu hushuka kwa wastani wa 5 hadi 8. Piga hesabu: 152 inakwenda kwenye 145 hivi. Ni faida kubwa kwa moyo na ubongo, lakini bado uko juu ya 140. Dawa usiache. Vipimo vikishuka na vikatulia, daktari wako ndiye wa kupunguza dozi, si wewe wala sisi humu.

Sasa elewa kwa nini Jumamosi peke yake haitoshi. Damu ikipita kwa kasi inasugua ukuta wa ndani wa mshipa. Ukuta huo unatoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza misuli ya mshipa, mshipa unatanuka. Nafuu hiyo hubaki saa kadhaa, kwa wengine karibu siku nzima, kisha inaisha. Wewe unaipata mara moja, halafu unakaa siku sita bila kuirudia. Sukari nayo ni hivyo hivyo: msuli unaofanya kazi unavuta sukari kwenye damu hata bila msaada wa insulini, na unabaki mwepesi kuitikia insulini kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana wenye kisukari huambiwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila zoezi.

Mwaka 1953 Jerry Morris, mtafiti wa afya wa Uingereza, na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London. Makonda, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Hazikuwa mbio, zilikuwa ngazi, kila siku ya kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali.

Mwendo wa wastani ni upi? Mnakumbuka mchakamchaka wa shule, mnakimbia huku mnaitikia wimbo. Ukiweza kuimba hivyo, ongeza kasi kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza. Unatafuta pale katikati: unaongea, huimbi. Kwa hatua, ni kama 100 kwa dakika au zaidi. Ukitaka namba, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo sekunde 15, zidisha kwa 4. Kwa miaka 46, mapigo 113 hadi 134 kwa dakika yanatosha. Ila anayetumia atenololi (dawa nyingine ya presha) au dawa za kundi hilo asifuate namba hizi, kwa sababu dawa hiyo inazuia moyo kwenda mbio. Atumie kipimo cha kuongea tu.

Mpango wako: siku 5 kwa wiki, kutembea. Dakika 5 polepole, 10 kwa kasi, 5 polepole. Kila wiki ongeza dakika 5 kwenye ile sehemu ya kasi, na wiki ya tano utakuwa umefika 30. Zile 5 za mwisho usiziruke. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, presha inaanguka, unapata kizunguzungu, na dawa inayotanua mishipa kama yako inaongeza hatari hiyo.

Magoti: moyo na mapafu huzoea haraka, kano na gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye maungio) huchelewa sana. Kwenye kukimbia kila hatua inatua na mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na wewe umeanza na kilomita 8 za lami. Maumivu yakiisha kabisa, kuanzia wiki ya tisa jaribu dakika 1 kukimbia na 2 kutembea, mara 8. Ardhi ya udongo ni bora. Ufukweni nenda maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na urudi njia ile ile, kwa sababu ufukwe una mteremko na mguu mmoja unatua chini zaidi ya mwingine. Vifundo vya miguu vikivimba jioni usivilaumu viatu tu, amlodipini nayo huvimbisha miguu. Mwambie daktari.

Jaketi la nailoni livue leo. Jasho ni maji na chumvi, si mafuta. Kilo unayoipoteza pale inarudi ukinywa maji, na joto linalokwama mwilini linaweza kukuangusha. Toka alfajiri, nguo nyepesi.

Pima presha kabla ya zoezi, si mara baada yake: kaa dakika 5 umeegemea, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili. Namba ya juu ikiwa 180 au zaidi, au ya chini ikiwa 110 au zaidi, siku hiyo usitoke, nenda kituo cha afya. Kifua kikibana, au maumivu yakipanda taya au mkono, simama hapo hapo na utafute msaada. Mpe mpango huu miezi mitatu kabla ya kuuhukumu.

Hujasema kama una sukari pia. Kama unatumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kisukari), andika hapa kabla hujaanza, maana sukari inaweza kushuka njiani na lazima utembee na kitu kitamu mfukoni.