Michango Inaingia Mara Mbili Umeme Ukirudi

SWALI: Shikamoo mama. Natunza mfumo wa SACCOS yetu. Malipo ya simu yanapita kwenye foleni ya Kafka, programu yangu inayachukua na kuyaingiza katika akaunti za wanachama, kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Umeme ukikatika na seva ikawaka tena, michango michache inaingia mara mbili. Fundi mwenzangu anasema nibadilishe jina la kundi, lile ambalo programu inajitambulisha nalo kwa Kafka. Nimfuate?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina la kundi usiliguse kabisa.

Kafka haifuti ujumbe kwa sababu umeshasomwa. Inachokukumbukia ni namba tu, yaani ofseti: kundi fulani, kwenye patisheni (kipande cha foleni) fulani, lianzie ujumbe wa ngapi. Ukija na jina jipya, wewe ni mgeni usiye na namba. Hapo unatazamwa mpangilio wa auto.offset.reset, unaosema mgeni aanzie wapi. Ikiwa latest, kama inavyokuja, utaruka malipo yote yaliyoingia ukiwa umezima. Ikiwa earliest, utaingiza upya kila mchango ambao bado uko kwenye foleni.

Nalisema kwa uchungu. Mwaka 2017, kazini Dar es Salaam, tulizima programu Alhamisi kabla ya Pasaka, tukaiwasha Jumanne. Siku hizo Kafka ilifuta namba ya kundi baada ya saa 24. Tangu toleo la 2.0 ni siku 7. Malipo ya siku zote hizo tukayaruka, na hakuna kosa lililojitokeza. Mama muuza samaki akaja dirishani ameshika simu, meseji ya malipo anayo, sisi tunamwambia hajalipa. Ujumbe wenyewe ulikuwa bado umetunzwa, tukarudisha namba nyuma tukausoma. Uso wa yule mama ninao hadi leo.

Sasa marudio yako. Naamini enable.auto.commit, mpangilio wa kuandika ofseti yenyewe bila kuamriwa, umeiacha kama ilivyo, hivyo ofseti inaandikwa kila baada ya sekunde 5. Umeme ukikatika katikati, pesa zimeshaingia lakini namba haijasogea. Ukiandika namba mwenyewe baada ya kila mchango, mwanya unapungua, hauzibiki. Ukiiandika kabla ya mchango, ni vibaya zaidi: pesa ya mtu inapotea.

Ofseti itunze humo humo kwenye PostgreSQL, katika muamala uleule unaoingiza mchango, ili viingie vyote au vikose vyote. Programu ikiwaka na kupewa patisheni zake, isome namba kwenye jedwali, iite seek, amri ya kuhamia namba fulani, ianzie hapo. Andika namba ya ujumbe unaofuata, si ya ule uliomaliza, la sivyo wa mwisho utarudi. Na namba ya muamala wa simu iwekee sharti la kutojirudia, maana hata anayetuma kwenye foleni anaweza kutuma mara mbili.

Lakini leo hii, kabla hujagusa programu, pitia akaunti zilizozidishwa na uwaambie wenyewe. Mikopo yenu inapimwa kwa akiba, na huenda kuna mtu anajaza fomu sasa hivi kwa pesa ambayo hana.